Mamogramu inasema niko salama, mbona nimeambiwa nikapige altrasaundi?

Shikamoo mama mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 46, nauza nafaka soko la Mbuyuni hapa Moshi. Nimekwama, na kila ninayemuuliza ananipa jibu lake.

Mwezi uliopita nilikwenda kupima matiti. Kilichonisukuma ni msiba wa mama mkubwa, dada yake mama, aliyefariki kwa kansa ya titi akiwa na miaka sitini na kitu. Alificha mpaka pakawa kidonda ndipo akasema. Tulimuuguza nyumbani Kibosho hadi mwisho wake, na tangu hapo nilijiapiza sitasubiri kama yeye.

Nikapigwa mamogramu. Kule kubanwa kuliniuma, nikavumilia. Majibu yalipotoka, karatasi iliandikwa kwamba nina tishu nzito aina ya C, BI-RADS 1, na chini kabisa wakaongeza kuwa inashauriwa nifanye altrasaundi ya nyongeza. Kijana aliyenikabidhi bahasha akaniambia, "Mama uko salama, ila ukipata nafasi kapige na altrasaundi." Nilitoka pale sina raha. Kama niko salama, altrasaundi ya nini tena?

Baba watoto anasema hospitali zinatafuta hela, picha si imeshatoka safi, na Januari ada inatusubiri. Wifi yangu, ambaye ana duka la dawa, anasema nilikosea tangu mwanzo: mamogramu ina mionzi na yenyewe inaweza kuleta kansa, niachane nayo, niwe napiga altrasaundi tu. Kuna zahanati jirani na kwake ina mashine ya wajawazito, bei ni nafuu na haiumi. Halafu kuna mwenzangu hapa sokoni. Yeye altrasaundi ilimwona kitu, akachomwa sindano wakachukua kinyama, akakaa hali wala halali hadi majibu yakaja kwamba si kansa. Anasema bora asingepima kabisa. Na wengine wanasema uvimbe ukishachomwa ndipo unasambaa.

Naomba unisaidie. Kuna kitu wananificha? Altrasaundi inaweza kuchukua nafasi ya mamogramu? Na binti yangu wa miaka 23 anayesoma Arusha, naye nimpeleke apigwe mamogramu kwa sababu ya bibi yake?

Kuna jambo jingine, sijui kama lina maana. Titi la kushoto, upande wa kwapa, kuna mahali nikishika naona pagumu kidogo. Ni kama miezi minne sasa. Nikikaribia hedhi panauma. Sikumwambia mtu pale hospitali, nilijua mashine itaona yenyewe.

Mama wa Mbuyuni, Moshi

---

Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba wa mama yenu mkubwa.

Nitaanza na mistari yako ya mwisho, ile unayosema hujui kama ina maana. Ina maana kuliko yote uliyoniandikia, na inabadilisha jibu langu lote.

Mamogramu uliyopigwa ilikuwa ya mtu asiye na dalili. Mtu wa namna hiyo hupigwa picha mbili kwa kila titi, moja ya kutoka juu na moja ya ubavuni, kisha anavaa blauzi yake anaondoka. Anayekuja na mahali anapohisi pagumu hupitia njia nyingine. Daktari anamshika kwanza kwa mikono, mahali penyewe panawekwa alama juu ya ngozi, zinapigwa picha za ziada za eneo hilo, halafu altrasaundi inaelekezwa pale pale kwenye alama. Anayesoma picha anajua anatafuta nini na anatafuta wapi. Wewe hukusema, kwa hiyo hakuna aliyepatafuta. Si kosa lako, mwanangu. Walitakiwa wakuulize kabla hujavua nguo, na ninasikitika hawakuuliza.

Sasa shika hili: mamogramu safi haifuti uvimbe unaoshikika. Mwanamke akiwa na kitu anachokihisi kwa vidole, picha ikatoka haina kitu, bado kile anachokihisi kinatakiwa kipate maelezo. Kuna saratani ambazo mamogramu haizioni, hasa kwenye matiti ya aina yako. Kwa hiyo altrasaundi yako si ya nyongeza tena. Imekuwa ya kuchunguza tatizo, na ya namna hiyo haisubiri ada ya Januari.

Nenda wiki hii. Uko Moshi, una hospitali ya mkoa ya Mawenzi na una KCMC, ambayo ndiyo hospitali ya rufaa ya kanda yetu ya kaskazini. Ukimfikia daktari usianze na habari za mamogramu. Anza hivi: "Nina mahali pagumu kwenye titi la kushoto, upande wa kwapa, miezi minne sasa." Mwonyeshe kwa kidole, ukiwa umekaa na ukiwa umelala, maana mahali pengine hushikika kwa mkao mmoja tu. Halafu ndipo umpe bahasha, pamoja na CD ya picha kama walikupa, asisome karatasi peke yake. Muombe akuguse na kwapani.

Sisemi haya kukutia hofu. Uvimbe mwingi wa titi si saratani. Mahali panapouma hedhi ikikaribia na kutulia ikiisha, mara nyingi ni homoni zinafanya kazi yake, na wanawake wa miaka arobaini na kitu hupata sana vifuko vya maji ndani ya titi ambavyo havina madhara. Tena ile sehemu ya juu kuelekea kwapani ndiko tishu ya titi ilikojaa zaidi, kwa hiyo kwa wengi huwa ngumu kidogo kwa asili. Ila saratani nyingi za titi huanzia sehemu hiyo hiyo. Mimi siwezi kukuambia yako ni ipi kati ya hizo. Wala wifi hawezi. Na kuna mambo ambayo ukiyaona hutakiwi kulala nayo hata siku moja: chuchu iliyokuwa nje kuingia ndani, damu kutoka kwenye chuchu, ngozi ya titi kuvutwa ndani au kuwa nene yenye vishimo vishimo, wekundu usioisha, au tezi ngumu kwapani.

Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha mpango wake wa saratani ya titi mwaka 2021, moja ya malengo yake lilikuwa kwamba mwanamke akishafika hospitali na dalili, uchunguzi wote ukamilike ndani ya siku 60. Nakutajia ili uwe na kipimo. Wakikupa tarehe ya mbali, rudi, uliza, sumbua. Kinachotuua sana Tanzania ni kuchelewa. Wengi wetu tunafika hospitali ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne, na wewe umeuguza, unajua hatua hiyo inavyokuwa.

Nikitoka hapo, turudi kwenye karatasi yako. Maswali yako yako sawa, na najua wako wengi wenye karatasi kama hiyo kabatini.

Hakuna unachofichwa. Titi lina mafuta, na lina tishu ya tezi na nyuzi zinazoshikilia. Kwenye picha ya mamogramu mafuta hutokea meusi, tishu ya tezi na nyuzi hutokea nyeupe. Shida ni kwamba uvimbe nao hutokea mweupe. Ndiyo maana msomaji wa picha huandika herufi. A ni titi lenye mafuta karibu lote, B lina tishu nzito hapa na pale, C limejaa tishu nzito sehemu kubwa, D limejaa sana. Wewe ni C. Kibo ikifunikwa na mawingu hakuna mtu wa Moshi anayesema mlima umeondoka, anasema leo hauonekani. Daktari aliyeandika ile sentensi ya chini alikuwa anakuambia hivyo: nilichoweza kuona ni kizuri, lakini kuna mahali sikuona vizuri.

Kuwa na tishu nzito si ugonjwa. Ukichukua wanawake waliovuka miaka 40, karibu nusu yao wana C au D. Huwezi kulijua kwa kushika, na halihusiani na titi kuwa kubwa, dogo au gumu mkononi. Linajulikana kwenye picha tu. Kwa wengi hupungua hedhi ikishakoma. Ila lina mambo mawili: linaficha uvimbe, na lenyewe linaongeza kidogo uwezekano wa kupata saratani, zaidi kwa wale wa D. Marekani wameliona zito kiasi kwamba tangu tarehe 10 Septemba 2024 kila kituo cha mamogramu nchini humo kinatakiwa kumwandikia mwanamke kama tishu yake ni nzito au la. Waliokupima wewe walifanya vizuri kukuandikia. Walichobakiza ni kukaa na wewe dakika chache wakakueleza.

Na ile BI-RADS 1 ni namba ya jibu. Moja maana yake hakuna kilichoonekana. Mbili, kuna kitu lakini kinajulikana hakina madhara. Tatu, karibu kwa hakika si saratani, ila urudi baada ya miezi sita waangalie tena. Nne na tano zinataka uchukuliwe kinyama kikapimwe. Sifuri ndiyo inayochanganya watu: maana yake picha haijamaliza kazi, vipimo vingine vinahitajika kabla ya kutoa jibu. Ingekuwa umeandikiwa sifuri, ningekuambia altrasaundi ni lazima hata kama huhisi chochote. Kwa moja, altrasaundi ni ya nyongeza kweli, na mtu ana haki ya kuuliza inamuongezea nini.

Inaongeza kitu, na tunajua kwa kiasi gani. Japani walichukua wanawake karibu elfu 73 wa miaka 40 hadi 49, rika lako hasa, wakawagawa kwa kura. Kundi moja lilipigwa mamogramu peke yake, jingine mamogramu na altrasaundi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Penye mamogramu peke yake, kati ya saratani 100 zilizokuwapo upimaji ulikamata 77. Penye vyote viwili ulikamata 91. Na saratani zilizokuja kujitokeza zenyewe kabla ya zamu ya pili ya kupima zilikuwa 18 kwenye kundi la altrasaundi, 35 kwenye kundi jingine. Hilo si jambo dogo.

Lakini wale wasio na saratani nao walilipa bei yake. Kati ya wanawake 100 wasio na ugonjwa, kwenye mamogramu peke yake kama tisa waliitwa kurudi kwa wasiwasi uliokuja kuwa si kitu. Altrasaundi ilipoongezwa wakawa kama 12. Na hakuna aliyeonyesha bado kwamba nyongeza hii inapunguza vifo. Kilichoonyeshwa ni kwamba inakamata zaidi na inakamata mapema. Ndiyo sababu jopo la wataalamu wa kinga Marekani mwaka 2024 lilisema wanawake wapimwe kwa mamogramu kila baada ya miaka miwili kuanzia 40 hadi 74, lakini kuhusu kuongeza altrasaundi kwa wenye tishu nzito likasema ushahidi hautoshi kuagiza wala kukataza. Kwa hiyo baba watoto anapouliza "ya nini," anauliza swali ambalo hata madaktari wanalijadili. Asilaumiwe. Ila jibu la mke wake mwenye mahali pagumu ni tofauti na la mwanamke asiyehisi kitu, na hilo lazima alijue. Msomee barua hii.

Wifi yako sasa. Nampenda kwa kukujali, lakini katika hili anakupoteza.

Mionzi ya mamogramu ipo, ni kidogo sana. Upimaji mmoja wa matiti yote mawili unakaribia mionzi ya asili ambayo kila mmoja wetu hupata kutoka ardhini na angani kwa muda wa wiki saba hivi, akiwa amekaa zake nyumbani. Altrasaundi haina mionzi kabisa, hilo ni kweli, inatumia mawimbi ya sauti. Lakini kuna kitu haikioni vizuri: chembechembe ndogo za chokaa. Saratani nyingine, hasa zile ambazo bado zimo ndani ya mirija ya maziwa hazijatoka, dalili yake ya kwanza ni hizo chembechembe, na mamogramu ndiyo inayozikamata. Ukiacha mamogramu ukashika altrasaundi peke yake, umefungua jicho moja ukafumba jingine. Neno "nyongeza" kwenye karatasi yako walilimaanisha: inakuja juu ya mamogramu.

Halafu kuna hiyo mashine ya wajawazito. Nataka nikae hapa kidogo, maana ndipo watu wengi wanapotupa hela.

Altrasaundi ya titi inategemea sana mkono wa anayepima na kifaa alichoshika. Kile wanachopitisha juu ya tumbo la mjamzito kina uso uliopinda, kimetengenezwa kuona mbali ndani ya mwili. Cha titi ni kile chenye uso bapa, chembamba, cha mawimbi ya kasi zaidi, kinachoona vizuri vitu vilivyo karibu na ngozi. Ukiingia chumbani ukaona wanachukua kile cha kupinda, uliza kwa heshima kama wana cha matiti. Wakisema ni hicho hicho, shukuru uondoke. Uliza pia nani atasoma: ni daktari wa radiolojia, au mtu aliyezoea matiti, au anayepima mimba tu? Hili si dharau kwa mtu yeyote. Anayepima mimba siku nzima anaijua mimba.

Ukiwa mahali sahihi mambo huwa hivi. Unavaa vipande viwili, blauzi na sketi, uvue juu tu. Beba na khanga yako. Unalala chali, mkono wa upande unaopimwa unauweka nyuma ya kichwa ili titi litandazike. Kwa ile sehemu ya upande wa kwapa wanakugeuza kidogo ubavu, wakati mwingine wanakuwekea mto mgongoni. Jeli ni ya baridi, itakushtua. Anapitisha kifaa polepole, mstari kwa mstari, mpaka afike kwapani aangalie na tezi. Akisimama mahali, akabonyeza vitufe na kupima kwa vistari kwenye kioo, moyo wako utaruka; usijali, wanapima hata vitu visivyo na madhara ili mwaka ujao walinganishe. Kifuko cha maji kinatokea cheusi tii, kingo zake laini. Uvimbe mgumu wenye kingo laini, wa duara au yai, mara nyingi ni salama. Wenye kingo zisizo sawa, uliosimama wima badala ya kulala, ndio unaowafanya waombe kinyama. Matiti yote mawili yakipimwa vizuri huchukua robo saa hadi nusu saa. Aliyemaliza kwa dakika tatu hajapima. Na kabla hajaanza, weka kidole chako pale pagumu, useme, "Ni hapa."

Kuhusu mwenzako wa sokoni, mpe pole kwa ajili yangu. Kusubiri majibu ya kinyama ni mateso, na mtu aliyekaa nayo ana haki ya kusema alichosema. Lakini yaliyompata yanajulikana kuwa yanatokea. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa 2008, wa wanawake wenye tishu nzito na sababu nyingine ya hatari. Altrasaundi ikiongezwa juu ya mamogramu ilikamata saratani nne zaidi hivi kwa kila wanawake 1,000. Lakini pale altrasaundi ndiyo iliyotoa wasiwasi, kati ya waliopendekezewa kuchukuliwa kinyama, waliokutwa na saratani hawakufika hata mmoja kwa kila kumi. Wengine wote walipata majibu kama ya mwenzako. Mwanamke anatakiwa aambiwe hivi kabla ya kupanda kitandani, si baada. Mimi naona kuitwa ukaambiwa si kitu ni afadhali mara mia kuliko alichopitia mama yenu mkubwa, lakini kila mtu na moyo wake, na asiye na dalili anaweza kuchagua.

Wewe ukiambiwa uchukuliwe kinyama, kubali. Sindano haisambazi saratani. Wanakuchoma ganzi kwanza, wanaongoza sindano wakiitazama kwenye kioo cha altrasaundi, wanatoa vipande vyembamba, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo na plasta. Bila kinyama hakuna daktari atakayejua ni saratani ya aina gani wala dawa gani inaifaa. Ile imani kwamba kisu au sindano ndiyo inayoamsha ugonjwa imetoka kwenye macho yetu wenyewe: tumeona watu wanakwenda hospitali, wanachomwa, wanakufa. Walikwenda wakiwa wamechelewa. Sindano ilikuta ugonjwa umeshatembea.

Kuhusu hela, uliza bima yako kabla hujaenda, na uulize kwa maneno sahihi. Kipimo cha mtu mwenye dalili, chenye maandishi ya daktari, mara nyingi huchukuliwa tofauti na kipimo cha mtu aliyejipeleka mwenyewe. Hii ni sababu nyingine ya kuanzia kwa daktari badala ya kwenda moja kwa moja chumba cha picha.

Ikitokea pale pagumu pamechunguzwa na pamepewa jina lisilotisha, ndipo utakaa upya na swali la nyongeza. Maoni yangu: kwa miaka yako na tishu ya C, kama mfuko unaruhusu, ongeza altrasaundi kila unapopiga mamogramu. Kama mfuko hauruhusu vyote viwili, hela hiyo ilinde mamogramu na kushikwa na daktari. Usije ukakopa kwa ajili ya nyongeza ukakosa ya msingi. Picha iweke wiki moja hivi baada ya hedhi, matiti yanakuwa hayaumi sana, na siku hiyo usipake diodoranti wala poda kwapani, maana inaweza kutokea kwenye picha kama chembechembe. MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, inaona zaidi ya altrasaundi kwa wenye tishu nzito. Utafiti wa Uingereza uliotoka 2025 umeonyesha inakamata saratani nyingi zaidi kwa mbali. Ila ni ghali, inataka sindano ya dawa mshipani, na kwa sasa ningeiachia wale wenye hatari kubwa ya kurithi.

Je, wewe ni mmoja wao? Mama mkubwa mmoja aliyeugua baada ya miaka 60 anaongeza wasiwasi kidogo, si kama angekuwa mama yako mzazi au dada yako. Lakini kaa na wazee uulize vizuri. Kuna mwingine aliyeugua titi kabla ya miaka 50? Aliyeugua matiti yote mawili? Aliyekufa kwa saratani ya mfuko wa mayai? Kuna mwanaume katika ukoo aliyeugua titi? Na uulize pande zote mbili. Tunazoea kuhesabu upande wa mama tu, kumbe mwenye vinasaba vinavyorithisha hatari hiyo anaweza kuwa baba, akavipitisha kwa binti yake bila yeye mwenyewe kuugua. Shangazi zako nao wanahesabiwa.

Binti wa miaka 23 asiye na dalili hahitaji mamogramu, na altrasaundi ya kujitafutia pia haihitaji. Matiti ya umri wake yamejaa tishu nzito, mamogramu isingeona mengi. Akishika uvimbe, hapo aende, na kwa aliye chini ya miaka 30 wanaanza na altrasaundi. Mara nyingi wasichana hukutwa na uvimbe mdogo unaoteleza chini ya kidole, usio na madhara, lakini uangaliwe na daktari, asiuangalie rafiki wa bwenini. Azoee matiti yake yalivyo ili ajue yakibadilika. Ukishazungumza na wazee, mpigie simu umweleze uliyoyapata, jina la ugonjwa na umri wa kila aliyeugua, ayaandike mahali, maana siku daktari akimuuliza hutakuwa karibu naye.